Siku Tuliyoshusha Injini Kisimani

Nilipopunguzwa kazini nilikuwa na miaka thelathini na minne, na ukiacha barua ya kunishukuru, nilitoka na sanduku la chuma lenye vifaa vyangu vya umeme. Kiwanda kilikuwa cha serikali, kikawa cha mwekezaji, kisha kikawa geti lililofungwa kwa mnyororo. Mwanza nzima ilikuwa hivyo miaka ile. Kila upande kulikuwa na jambo jipya linafunguliwa na la zamani linafungwa. Marobota ya mitumba yalipasuliwa sokoni, viwanda vya minofu ya sangara vilijengwa ufukweni, na sisi tuliozoea kuamshwa na king'ora cha zamu tulikaa barazani Mkuyuni tukiulizana nani kasikia nini.

Mzee aliyeniondoa barazani alikuwa mhandisi mstaafu wa idara ya maji, mtu wa Kagera, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele kila Jumapili. Alikuwa amejenga Nyegezi na alifahamiana na marehemu baba yangu, kwa hiyo nilimwita baba, naye aliniita mwanangu hata mbele za watu. Alikuja asubuhi moja kwa baiskeli.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umekaa tu."

"Nimekaa, baba. Nitafanyaje?"

"Umeme wa jua unaujua?"

"Sijawahi kuushika. Lakini umeme ni umeme."

Alicheka, akaegesha baiskeli, akaingia ndani kunywa chai. Akanieleza habari za shule moja iliyokuwa mbali mashariki, kwenye mbuga kavu ambako Wasukuma na Wataturu walichunga ng'ombe. Vyumba viwili vya tofali na kimoja cha nyasi. Watoto walisoma vizuri mpaka kiangazi, kisha malambo yakikauka wazazi walihama na mifugo, na watoto wakahama nao. Ofisa elimu alikuwa ameshaonya kwamba shule isiyo na wanafunzi nusu ya mwaka itafungwa. Kikundi cha kujitolea cha kanisani kwao kilikuwa kimechimba kisima pale mwaka uliopita, na sasa washarika wenzao wa Ulaya walikuwa wametuma paneli nne za sola na pampu ya umeme. Mtu wa kuvifunga hakuwepo. Malipo hayakuwepo pia, ila chakula na usafiri.

Mimi ni mtoto wa Mara, wa kando ya ziwa. Kwetu maji hayatafutwi. Yako mlangoni, mengi kuliko ardhi. Sikuelewa vizuri nilichokuwa ninakikubali. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka kukaa.

Mimi na yule mhandisi tuliondoka na lori la kukodi. Tulipofika njia panda ya Usagara dereva alijaza madebe manne ya maji, nikamuuliza ya nini yote hayo. Akaniangalia kama anayemwangalia mgeni. "Dada," akasema, "huko tunakokwenda hutaniuliza tena."

Ni kweli, sikumuuliza tena. Tulifika jua likiwa utosini, na kitu cha kwanza nilichokiona shuleni ni foleni ya watoto kisimani, kila mmoja na kopo, na mwalimu mkuu amesimama hapo na kikombe cha bati akimpimia kila mtoto. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mwalimu mkuu alikuwa Mkerewe, mtu mpole mwenye mke na kuku wachache nyumbani, na alipokuwa anatusalimu hakuacha kupima.

Siku mbili za mwanzo zilikuwa zangu. Nilisimamisha nguzo za mkaratusi, nikafunga paneli, nikavuta waya hadi chumba cha kwanza cha darasa. Adhuhuri ya siku ya tatu niliwasha taa. Watoto waliiangalia, wakaangalia jua nje, wakaanza kucheka. Taa inayowaka mchana! Walicheka mpaka mwalimu akashindwa kuwanyamazisha, nami nikacheka nao. Tangu geti la kiwanda lifungwe sikuwa nimecheka hivyo.

Tatizo lilikuwa pampu. Pampu ile ilitakiwa izame majini wakati wote. Ikinyonya hewa inaungua. Maji ya kisima yalikuwa yameshuka mpaka kufika magotini. Ilibidi kichimbwe zaidi, mita mbili angalau, na mchimbaji hawezi kuchimba akiwa amesimama majini. Tulijaribu kuyatoa kwa ndoo. Tulivyotoa ndivyo yalivyorudi.

Wachimbaji walikuwa ndugu wawili, Wasukuma, wote wazazi pale shuleni. Mdogo ndiye aliyeshuka chini na sululu. Alikuwa mwembamba, mcheshi, akiimba huko shimoni hata sauti yake ikapanda juu kama inatoka kwenye mtungi. Mkubwa alishika kamba. Huyu hakuwa mtu wa maneno. Jioni ya siku ya tatu alimwendea mhandisi akamwambia, "Mzee, siku mbili. Maji yasipotoka tunahama. Ng'ombe hawajui ahadi."

"Na watoto?"

"Watoto ni wetu. Tutakwenda nao."

Nadhani ndiyo sababu ya yote yaliyofuata. Siku mbili.

Asubuhi iliyofuata mhandisi alishusha kutoka kwenye lori pampu ndogo ya petroli, ile ya kumwagilia bustani. Pampu ya namna hiyo haiwezi kuvuta maji kutoka kina kirefu, na kisima kile kilikuwa na mita kumi na mbili. Lazima yenyewe iwe karibu na maji. Basi akaagiza mbao ziwekwe ndani ya kisima, karibu na chini, injini ikalishwe juu yake.

Nilisimama pale na bisibisi mkononi. Kiwandani kwetu kulikuwa na jenereta la dharura, na chumba chake kilikuwa na madirisha ambayo ilikuwa marufuku kuyafunga. Mkufunzi wetu wa usalama alitufundisha kwamba katika moshi wa injini kuna hewa nyingine isiyoonekana wala kunuka, na kwamba haikabi mtu koo; inamletea usingizi tu. Ukisikia usingizi, alisema, umeshachelewa.

Nikamsogelea mhandisi. "Baba, ule moshi utakwenda wapi?"

"Utapanda juu. Moshi hupanda."

"Wote?"

"Mwanangu," akasema, si kwa ukali, "nimechimba visima kabla hujazaliwa. Injini ikizimwa tutasubiri kidogo, utatoka."

Wanaume walikuwa wanasikiliza. Nilikuwa mwanamke pekee kwenye kazi ile, na nilikuwa na siku nne tu katika habari za visima. Nikarudi kwenye waya zangu.

Mdogo alishuka, akavuta kamba ya injini, akapanda haraka huku akikohoa na kucheka. Maji yalitoka kwa nguvu kwenye mpira, machafu, yakatengeneza kijito kidogo, na watoto wakakimbia kuchezea tope. Injini ilinguruma kama nusu saa hivi, kisha ikakohoa ikazima yenyewe. Mhandisi alichungulia. Kisima kilikuwa kikavu chini. Tulisubiri muda wa mtu kuvuta sigara moja. Moshi mweupe haukuonekana tena.

Mdogo akashuka na sululu yake. Kamba aliifunga kiunoni wakati wa kushuka, lakini alipofika chini aliifungua, kwa sababu ilimsumbua kuinama. Tukasikia sululu mara tatu, nne. Tukasikia wimbo wake. Kisha wimbo ukawa wa taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto, na ukakoma.

"We!" kaka yake akaita. "We!"

Niliinama kwenye mdomo wa kisima. Alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, kichwa kimeinamia kifuani. Amekaa kama mtu anayepumzika baada ya kula. Sijawahi kuona kitu kilichonitisha kama ule utulivu wake.

Kaka yake alishaanza kuvua viatu. Aliishika kamba kwa mikono miwili na mguu mmoja ukawa umeshaingia kisimani, na mimi nikamrukia. Nilimkumbatia kiunoni nikajitupa nyuma kwa uzito wangu wote.

"Niache!"

"Hewa mbaya! Utakufa na wewe!"

"Ni mdogo wangu! Niache!"

Alinipiga kiwiko mdomoni. Nilisikia jino likikatika, nikaonja damu, lakini sikuachia. Dereva alikuja mbio akamshika mkono, mwalimu mkuu akamshika mguu, tukawa rundo moja la watu kwenye vumbi, na yeye chini yetu analia na kutukana kwa Kisukuma, lugha ambayo siijui, lakini siku ile sikuhitaji tafsiri. Mhandisi alikuwa amesimama kando, kofia mkononi, midomo inacheza bila sauti.

Nilijua hatutaweza kumshika yule bwana kwa muda mrefu. Alikuwa na nguvu kuliko sisi watatu. Ilibidi aone.

"Mwalimu," nikasema, "lete kuku. Lete kuku na kikapu. Kimbia!"

Alikimbia. Alirudi na kuku jike, tukamtia kwenye kikapu, tukafunga kamba, tukamshusha mbele ya macho ya kaka yule. Alikuwa amekaa sasa, dereva kamshika mabega. Tulimwacha kuku chini muda wa kusoma Baba Yetu taratibu mara mbili. Nilimvuta. Shingo yake ilining'inia pembeni ya kikapu kama uzi.

Kaka aliiangalia ile shingo. Nguvu zikamtoka mabegani, niliona zikimtoka.

"Sasa tufanyeje, mayu?" akaniuliza. Mayu kwao ni mama. Alikuwa mkubwa kuliko mimi.

Nilitaka kumgeukia mhandisi, lakini uso wake ulinionyesha kwamba hata yeye hajui la kufanya. Nilisema tu kile nilichokiwaza, kwa sauti: "Inatakiwa hewa safi ifike chini. Nyingi. Tungekuwa na pampu ya upepo."

Dereva akainua kichwa. "Lori langu lina upepo," akasema. "Breki zake ni za upepo. Mtungi umejaa, na nina mpira wa kujazia matairi."

Mpira wake ulikuwa mfupi, lakini lorini tulikuwa na bomba letu la plastiki, lile jembamba la kupandishia maji, mzingo mzima haujafunguliwa. Tulikata kamba zake kwa panga. Dereva alirudisha lori nyuma kuelekea kisimani, nikampigia kelele asimame, azunguke, aje upande ule ambao upepo ungepeleka moshi wake mbugani, usituletee balaa jingine. Alizunguka. Tuliunga mpira na bomba, tukafunga kiungo kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, tukazungusha na kukaza mpaka vidole vikaniuma. Mhandisi ndiye aliyefunga jiwe kwenye ncha ya bomba. Alilishusha kwa mikono yake mwenyewe, polepole, mpaka ncha ikafika karibu na uso wa yule mdogo.

"Kanyaga mafuta!" nikamwambia dereva.

Upepo ulivuma kule chini. Tuliona vumbi likiruka, tukaona shati la mdogo likipepea kifuani.

"Sasa?" kaka akauliza.

"Bado."

Wake za wafugaji walikuwa wameshafika na kusimama mbali, mikono kichwani. Mwalimu mkuu alikuwa amewaingiza watoto darasani na kufunga mlango, lakini tuliona macho yao madirishani.

"Sasa?"

"Bado, kaka."

"Mdogo wangu anakufa nikimwangalia."

"Najua. Bado."

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Nimejaribu mara nyingi kuzikumbuka. Naweza kusema zilikuwa kumi, naweza kusema zilikuwa ishirini. Ninachokumbuka ni kwamba kila nilipotamka bado, nilijiuliza kama ninamwokoa mtu mmoja au ninamuua mwingine. Kama yule wa chini amekwisha kufa, basi nimemwokoa kaka. Kama yu hai na anakufa sasa hivi, dakika hii, kwa sababu ya bado yangu? Hakuna aliyenifundisha hesabu hiyo.

Tukashusha kuku wa pili. Baba Yetu mara mbili. Nilipomvuta alitoka amekasirika, akapiga mabawa usoni kwangu, akaruka akakimbilia nyumbani kwake.

"Nenda," nikamwambia kaka.

Tulimfunga kamba chini ya makwapa, fundo ambalo mhandisi alilikagua mara tatu. Kamba ya pili aliibeba mkononi kwa ajili ya mdogo wake. Nilimwambia alishike bomba karibu na pua muda wote, asiliachie hata kwa sekunde moja, na akisikia kichwa kizito avute kamba. Aliitikia kwa kichwa. Watu wanane tuliishika kamba. Alishuka, tukahesabu pumzi zake kwa macho. Alipofika alimfunga mdogo wake, mkono mmoja na meno, bomba kwenye mkono mwingine, na akavuta.

Alitoka kwanza mdogo, mzito kama gunia lililolowa. Tulimlaza kwenye kivuli cha lori. Alikuwa anakoroma. Mke wake alipiga yowe aliposikia ule mkoromo. Nadhani alidhani ni roho inatoka. Mimi nilipiga magoti nikalia, kwa sababu mfu hakoromi.

Tulimpeleka hospitali ya wilaya kwenye lori hilohilo, barabara ya mashimo, mimi na kaka nyuma tumekaa juu ya magunia, kichwa cha mdogo kwenye mapaja ya kaka. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa kanga. Katikati ya safari aliniangalia.

"Ungeniacha," akasema.

"Mngekufa wawili."

"Ni mdogo wangu."

Tangu siku ile, yule bwana hakuwahi kuongea nami zaidi ya salamu. Sikumlaumu. Nilimzuia kwa nguvu asimfuate ndugu yake, mbele ya mkewe na mbele ya watoto wake. Kuwa sahihi hakufuti jambo kama hilo.

Mdogo alizinduka baada ya siku mbili. Alipona, lakini hakurudi kuwa yule wa zamani. Mikono ilimtetemeka, na kuna mambo yalikuwa yamefutika. Aliwajua watoto wake wote kwa majina, akamjua mke wake, lakini alisahau ng'ombe wake. Alipoletewa habari kwamba dume fulani anaumwa mguu, aliuliza dume gani, wakamtajia rangi zake, akatikisa kichwa. Kwa mtu wa kule ni kama kusahau sura ya mama yako. Kaka yake alitoka nje ya wodi.

Tuliporudi shuleni, kisima kilimalizwa kwa ndoo. Nilidhani wafugaji watahama siku ileile na kukilaani kisima chetu, lakini hawakuhama. Walikuja wanaume na wanawake kutoka kaya zote, wakapanga mstari kutoka kisimani hadi mbugani, ndoo ikapita mkono kwa mkono tangu alfajiri, wengine wakipokezana chini na sululu huku bomba la upepo likiwa linaning'inia pale wakati wote. Hakuna aliyeruhusiwa kushuka bila kamba. Siku ya tano ya mstari ule wa ndoo tulizamisha pampu. Niliunganisha waya wa mwisho, nikabonyeza swichi, na kwa muda fulani hakikutokea chochote ila mlio mdogo, na watu zaidi ya mia wamenizunguka, na mimi najisemea moyoni kama hii nayo imeshindikana, nitarudije Mwanza. Kisha bomba likakohoa, likatema hewa, likatema tope, likatoa maji.

Kaka wa mchimbaji alikinga viganja akanywa. Hakuniangalia. Wiki iliyofuata alihama na ng'ombe wake na wa mdogo wake, kufuata malisho. Watoto wake wawili wa kike aliwaacha kwa mdogo wake, karibu na shule, na wengine kadhaa nao wakaacha wa kwao kwa bibi na shangazi. Si wote. Darasa la nne lilibaki nusu. Lakini shule haikufungwa.

Mhandisi hakurudi tena kwenye kazi zile. Nilikwenda kumwona Nyegezi baada ya mwezi mmoja. Alikuwa amekonda. Alinikaribisha kahawa, akazunguka zunguka na habari za mvua na za bei ya simenti, mwisho akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, ulijua."

"Nilijua kidogo, baba."

"Kwa nini hukunizuia?"

"Nilikuuliza moshi utakwenda wapi."

"Uliuliza," akasema. "Yule kaka mtu ulimrukia kiunoni. Mimi uliniuliza swali."

Hakulisema kwa hasira. Nadhani alikuwa anatafuta mahali pa kuliweka kosa, akaona limejaa kwake, akaniomba nimsaidie kubeba upande mmoja. Niliubeba. Naubeba mpaka leo, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nilikuwa na heshima nyingi kwa mwenye mvi na kidogo kwa yule aliyekuwa anaimba shimoni.

Niliendelea kujitolea miaka mitatu mingine, kwenye shule nyingine tatu za wafugaji. Katika ile ya mwisho alikuja mhandisi mpya, kijana msomi, naye akataka kushusha injini kisimani ili kuokoa muda. Nilimwambia hapana. Akaanza kunieleza. Nikaenda nikakalia ile injini hivyohivyo na sketi yangu, nikawaambia waanze kutafuta ndoo. Watu walicheka, na yeye alikasirika, akasema nina adabu mbaya. Nilikaa pale hadi walipoleta ndoo.